Mfuko Mmoja wa Mbolea ni Magunia Mangapi?

Hotuba ya mwanachama katika mkutano mkuu wa chama cha ushirika cha msingi, wilayani Mbozi, mkoani Songwe

Ndugu mwenyekiti, wajumbe wa bodi, mtendaji wa kijiji, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine, habari za tangu asubuhi. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na ameninong'oneza kwamba wali unaiva nyuma ya ghala. Harufu imeshafika hadi hapa, kwa hiyo najua nashindana na nani.

Nianze kwa kukiri. Wengi mnaniita Mama Pembejeo kwa sababu ya duka langu pale njia ya Mlowo. Mnapolalamika kwamba mbolea imepanda, aliyebandika ile karatasi ya bei mlangoni ni mimi. Mwaka 2021, mwezi wa kumi na moja, mzee mmoja alisimama mbele ya karatasi ile, akaisoma, akavua kofia, akaisoma tena. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya mfuko au ya tani?" Sikumjibu. Niliingia ndani nikajifanya natafuta chenji.

Mimi pia nalima. Nina ekari nne za mahindi na kahawa kidogo ya kunisaidia ada. Jioni ile ile niliyomkimbia mzee, nilikaa kujipigia hesabu ya shamba langu kwa bei ya duka langu mwenyewe, nikaona sitaweza kujiuzia.

Sikuja kujitetea. Nimekuja na hili daftari. Jalada lilishang'oka, nimelivika mfuko wa mbegu. Humu mna madeni ya watu, msiogope, sitayasoma. Ninachotaka muone ni kurasa za nyuma. Upande wa kushoto nimeandika bei ya mbolea siku ninayofungua msimu. Upande wa kulia, marehemu mume wangu alikuwa akiandika bei ya gunia la mahindi sokoni Mlowo mwezi wa saba. Hakuwahi kuniambia kwa nini anaandika. Alipofariki nikaendelea kujaza upande wake, basi tu, kama unavyoendelea kumwagilia mti ulioachiwa. Nimejaza miaka kadhaa kabla sijaelewa alichokuwa anatafuta.

Nisome mistari mitatu.

Mwaka 2020: DAP, mbolea ya kupandia, shilingi 62,000 kwa mfuko; urea, ya kukuzia, shilingi 55,000. Ekari moja, mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, jumla shilingi 117,000. Gunia la mahindi mwezi wa saba mwaka huo, shilingi 45,000. Kwa hiyo ekari moja ilikula magunia mawili na nusu na kidogo.

Mwaka 2021: DAP shilingi 112,000, urea shilingi 98,000. Jumla 210,000. Gunia la mahindi, 28,000. Gawanyeni wenyewe. Ni magunia saba na nusu.

Mbolea haikufika hata mara mbili ya bei ya mwaka uliotangulia. Lakini ukiipima kwa mahindi, ambayo ndiyo pesa tunayoijua sisi, ilipanda karibu mara tatu. Redioni walikuwa wanazungumzia upande wa kushoto wa daftari. Shida yetu ilikuwa imekaa pande zote mbili, na upande wa kulia hakuna aliyeutangaza.

Upande huo wa kulia nadhani mnaukumbuka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Zuio lenyewe lililegezwa baada ya siku chache, likabaki na masharti ya vyeti na vipimo, lakini soko lilishaingiwa na hofu. Tukavuna vizuri mwaka ule, mahindi yakajaa, mnunuzi akaja ameinua kidevu. Sasa hayo mahindi ya bei ya kutupa ndiyo tuliyoyauza ili tununue mbolea ya laki na ushee.

Na mbolea yenyewe ilipandishwa na nini? Mtaani jibu ni moja: vita vya Ukraine. Vita vile vilianza Februari 2022. Karatasi yangu ya shilingi 112,000 nilikuwa nimeibandika miezi mitatu kabla. Vita vilimwagia petroli moto ambao ulikuwa unawaka tayari, kwa sababu Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea duniani, na yeye na jirani yake Belarus wana sehemu kubwa ya potashi, nayo ni mbolea. Moto wenyewe ulianzia kwenye gesi.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu nimeuza urea miaka mingi bila kujua imetoka wapi. Nilidhani inachimbwa kama chumvi. Kumbe sehemu yake kubwa inatokana na hewa. Hewa hii tunayovuta imejaa naitrojeni, ila mmea hauwezi kuichukua ikiwa hewani. Wajerumani wawili, Fritz Haber na Carl Bosch, walipata njia zaidi ya miaka mia moja iliyopita ya kuilazimisha ishikane na haidrojeni, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, ikawa amonia. Kutokana na amonia tunapata urea. Na hiyo haidrojeni, viwanda vingi vinaitoa kwenye gesi asilia. Gesi hiyo hiyo ndiyo inayochomwa kupata lile joto. Gesi ikipanda bei, urea imepanda, hata kabla meli haijapakiwa.

Mwaka 2021 gesi ilipanda Ulaya kupita kiasi, viwanda vya mbolea kule vikapunguza uzalishaji, vingine vikazima kabisa. Oktoba mwaka huo China nayo ikabana mbolea isitoke, ili wakulima wake wapate kwanza. Siwalaumu, na sisi tungefanya hivyo. Meli zikawa chache, nauli za makontena zikapaa. Mtu wa mwisho kwenye huo mstari mrefu ni mzee aliyevua kofia mlangoni kwangu. Na hayajaisha: Juni 2025, Israel na Iran walipopigana, gesi iliyokuwa ikienda Misri kutoka Israel ilikatika, viwanda vya urea vya Misri vikasimama, na bei ya dunia ikaruka ndani ya wiki hiyo hiyo.

Kuna kijana aliniuliza dukani, "Mama, si na sisi tuna gesi?" Tunayo. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Miaka ya 1980 palikuwa na mpango wa kiwanda cha amonia na urea huko Kilwa, mpaka jina la kampuni lilikuwepo, KILAMCO. Gesi ilikuja kufika Dar es Salaam mwaka 2004, ikaenda kwenye umeme na saruji. Tanga palikuwa na kiwanda cha mbolea tangu miaka ya 1970; kikafa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo tunachotengeneza wenyewe ni Minjingu, mbolea ya fosfati, kule Manyara, na kile kiwanda cha Nala, Dodoma, kinachochanganya samadi na madini. Urea bado tunaisubiri bandarini.

Ila nimwambie kijana yule na jambo la pili, asije akadhani kiwanda kikijengwa Kilwa tumepona. Nigeria ina gesi, na Machi 2022 ilizindua kiwanda cha urea cha Dangote, cha tani milioni tatu kwa mwaka. Ni jambo zuri, na natamani tungekuwa nacho sisi. Lakini mwenye kiwanda akiona Brazil inalipa zaidi, atapakia meli iende Brazil. Kiwanda kinakuokoa na nauli na kinakuhakikishia mzigo upo. Bei ni maelewano mengine kabisa, na hayo yanataka mtu wa kuyasimamia.

Nirudi nyumbani. Agosti 8, 2022, Nane Nane ya Mbeya, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150, na DAP iliyokuwa imevuka 130,000 ikauzwa 70,000, urea nayo 70,000. Nawaambieni kama muuzaji, watu walirudi. Nchi nzima matumizi ya mbolea yalipanda kutoka tani 360,000 hivi msimu wa 2021/22 hadi zaidi ya tani 800,000 msimu wa 2023/24. Anayesema ruzuku haikusaidia hakuwa nyuma ya kaunta.

Na anayesema ilikwenda bila kasoro, naye hakuwepo. Kulikuwa na foleni. Mtandao unakatika, mtu ametembea kilomita kumi, mfuko anauona kwa macho, na mimi siwezi kumpa kwa sababu stika ya ruzuku haisomi. Kuna mama, namba yake ya mkulima, ile ya kupatia ruzuku, iliingia kwenye laini ya kijana wake, na kijana kaenda na laini Kahama kutafuta maisha. Tulipiga simu kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Alipopokea alidhani tumempigia kumwambia kuna msiba. Na msambazaji mmoja, jina lake nalihifadhi, alinichelewesha mzigo wa kupandia mpaka watu walishapanda, kisha akaniletea ukiwa mvua zimeshika, akashangaa kwa nini hautoki.

Hata hivyo, ruzuku hii ni afadhali kuliko vocha za miaka ile, kuanzia 2008. Wazee mnakumbuka. Mnasaini vocha ya DAP, urea na mbegu kilo kumi, halafu nusu ya bei mtoe wenyewe, na asiye na hiyo nusu anaishia kusaini kwa elfu chache za sukari, mbolea inakwenda kwa mwingine. Sasa hivi mianya ni mingine. Tuko karibu na mpaka wa Tunduma, sote tunajua mfuko wa bei nafuu una miguu.

Sasa mstari wa tatu wa daftari. Mwaka 2024: DAP ya ruzuku 75,000, urea ya ruzuku 68,000, jumla 143,000. Gunia mwezi wa saba, 42,000. Ni magunia matatu na nusu kasoro kidogo. Mnaona? Ruzuku ipo, serikali imelipa sehemu yake, na bado ekari inakula karibu gunia zima zaidi ya mwaka 2020 ambao haukuwa na ruzuku. Hapo ndipo nilipomwelewa marehemu. Alikuwa haandiki bei mbili. Alikuwa anaandika moja.

Naomba niwaonyeshe kitu. Hiki ni kisoda. Wote mmekitumia. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama elfu tisa. Kisoda kimoja cha DAP kina gramu tano na nusu hivi. Zidisheni: mfuko wa kilo 50 unaishia na ekari, karibu na mwisho wa mstari. Kisoda hiki ni mizani kamili, haijawahi kudai betri.

Msimu ule wa magunia saba na nusu, watu walikuja kununua kwa kilo. Kanuni haziruhusu kufungua mfuko na kupima rejareja, na kama kuna afisa humu ndani anisamehe, nilifungua. Mtu ana ekari mbili, ana pesa ya kilo ishirini na tano. Nilimuuliza mama mmoja, utafanyaje? Akasema, "Nitakata kisoda." Sikuelewa. Nilipopita shambani kwake nikaona. Alikuwa amechukua kisoda akakikunja kwa koleo katikati, kikabaki na nafasi ya robo. Anachota robo, anatia, anafukia, anahamia shimo la pili. Mtoto wake anafuata na mbegu. Wamefanya hivyo ekari mbili, kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona hata kwenye mashamba ya mfano.

Januari nikapita tena. Mahindi yamefika magotini, majani ya chini yameanza unjano kwenye ncha, unashuka katikati ya jani kama herufi V. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Ya kukuzia hakupata kabisa. Ekari ambayo kawaida humpa magunia kumi na nane ilimpa sita. Akauza manne ili alipe deni, na mwaka uliofuata ruzuku ilipokuja, ile 140,000 ya ekari moja hakuwa nayo. Kuna watu wanasema mkulima mdogo hajui kilimo bora. Yule mama anajua kuliko mimi.

Sasa tuseme na sisi wenyewe.

La kwanza ni lumbesa. Tunaponunua mbolea, mfuko ni kilo 50, umeshonwa, una stika, ukipungua kilo moja utaniita mwizi na utakuwa na haki. Tunapouza mahindi, gunia lina kilemba. Debe sita zinakuwa saba na kofia juu, na sisi wenyewe ndio tunaoshindilia kwa mti ili mnunuzi asikasirike. Kwenye daftari langu gunia limeandikwa 28,000, lakini gunia lile lilikuwa na kilo 120 na zaidi. Mizani ipo ndani ya ghala hili. Imefunikwa turubai.

La pili, udongo, na hili nalipitia haraka kwa sababu afisa ugani wetu atalieleza vizuri kuliko mimi. Ardhi ya huku kwetu sehemu nyingi ina tindikali, na miaka ya urea na SA (salfeti ya amonia) peke yake inazidi kuichachusha. Kwenye udongo uliochacha sana, fosforasi ya DAP inakamatwa na udongo kabla mzizi haujaifikia. Unatia mfuko wa elfu sabini, mmea unaonja wa elfu thelathini. Chokaa ni bei ndogo. Na ile Minjingu tuliyoikataa enzi za vocha tukaiita vumbi, hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wa namna hii hii. Mimi mwenyewe niliikataa, tena nikawashauri wateja wangu waikatae. Pima udongo kwanza, kisha uje dukani, hata kama nitauza mifuko michache.

La tatu ndilo lililonileta.

Mahindi tunauza mwezi wa sita na wa saba, bei ikiwa imelala, kwa sababu kuna ada, kuna deni, kuna harusi. Mbolea tunanunua mwezi wa kumi na moja, bei ikiwa imesimama, na gunia ambalo lingeilipia lilishakwenda Zambia au Dar miezi minne nyuma. Pesa yake ilikaa ndani ya nyumba mpaka ikayeyuka. Mnajua jinsi pesa inavyoyeyuka, sina haja ya kuwaeleza.

Ninapendekeza kwamba kila mwanachama, mwezi wa saba, alete ghalani magunia matatu kwa kila ekari anayokusudia kulima, yapimwe kwa mizani, yaandikwe kwa jina lake, yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi asituwahi. Yasiguswe mpaka Oktoba. Oktoba chama kiuze kwa pamoja, na pesa isipite mkononi mwa mtu, iende moja kwa moja kununua mbolea ya wote, lori zima, kabla mvua ya kwanza haijadondoka. Kikibaki kitu, mtu apewe chake. Kikipungua, ajazie. Mbolea isinunuliwe kwangu tu kwa sababu mimi ndiye ninayependekeza. Bodi iitishe bei kwa mawakala watatu, na mimi nikishindwa nishindwe.

Sitawadanganya kwamba Oktoba bei huwa juu siku zote. Mwaka 2017, usafirishaji nje ulipozuiwa, aliyeweka mahindi alijuta, na humu kwenye daftari pameandikwa, tena kwa mwandiko wa marehemu, na alama ya mshangao. Inaweza kutokea tena. Lakini hata mwaka kama huo, mwenye magunia matatu ghalani anakuwa na mahali pa kuanzia. Asiye nayo anakuja kwangu na kisoda kilichokunjwa.

Najua kuna atakayesema, magunia matatu nitayatoa wapi, watoto watakula nini. Aanze na moja. Ekari moja ilishwe vizuri, nyingine ipandwe maharage, kuliko ekari mbili zigawane robo ya kisoda. Na najua kuna atakayeuliza habari ya ufunguo wa ghala, maana tumeumwa na nyoka hapa, hatujasahau. Ufunguo uwe wa kufuli mbili, moja kwa mwenyekiti, nyingine kwa mtu ambaye mwenyekiti hamwambii neno. Mwenyekiti, usinikate jicho, tunakupenda.

Katibu ana karatasi pale mezani, ina sehemu tatu: jina, ekari, magunia. Mimi nimeshajiandika: ekari nne, magunia kumi na mawili. Mstari wa pili kuna mtu ameandika ekari mbili, magunia mawili, akafuta, akaandika matatu. Mstari wa tatu uko wazi, na kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, kwa hiyo hakuna atakayesema haikuwepo. Asanteni sana. Wapishi, tunakuja.